Mgongo wa Babu Yako

Didia, Jumapili jioni

Mwanangu Milembe,

Huko uani Bibi Kwandu anakuonyesha namna ya kufunga sufuria ndani ya khanga zisigongane njiani, na wewe unamwitikia kama mtu ambaye hajawahi kufunga mzigo maishani. Nawasikia. Nimejifungia chumbani nikasingizia kichwa, kumbe nataka kukuandikia kabla giza halijaingia. Nikikaa nawe uso kwa uso nitakuuliza kama umebeba chandarua, utanijibu ndiyo mama, halafu kesho basi litaondoka tukiwa tumezungumza habari za chandarua tu.

Kwa hiyo ya chandarua nimeyaacha. Ya mchele, ya kutolala mlango wazi, ya kanisa lipi liko karibu na huko Kalangalala, mjini Geita, ulikopanga, yote hayo bibi yako ameshayasema na asubuhi atayarudia. Mimi nataka kukuandikia kuhusu kazi unayoiendea.

Siku uliyokuja na habari za ajira, ukatueleza kwamba sehemu ya kazi yako kule Geita itakuwa kuwakagua watu na vituo vinavyohudumia wagonjwa na wazee majumbani, baba yako alifurahi mpaka akawapigia simu watu aliogombana nao. Mimi nilikwenda jikoni. Ukanifuata, ukaona machozi, ukanikumbatia ukisema, "Mama, furaha hiyo." Furaha ilikuwemo, sikatai. Lakini nilikuwa namfikiria babu yako. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto wangu atakapobisha hodi kwenye mji wa watu, akamkuta mwanamke kama mimi nilivyokuwa, amepiga magoti anatabasamu na kuku yuko jikoni, atajuaje kuna nini chumbani?

Sehemu ya habari hii unaijua kwa sababu ulikuwepo. Sehemu nyingine huijui kwa sababu ulikuwa shuleni. Iko pia sehemu usiyoijua kwa sababu mimi sikukwambia.

Babu yako alianguka zizini asubuhi akitoa ng'ombe. Kiharusi. Alipoanza tena kuzungumza, upande wa kulia wa mwili ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka kama ya mtu aliyelewa. Wewe ulikuwa bwenini Ushirombo, unajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Baba yako alikuwa machimboni upande wa Geita; akipata anarudi, asipopata anakaa. Mchana tulibaki wawili hapa nyumbani, mzee kitandani na mimi mke wa mwanawe.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kwetu mkwe haoni mwili wa baba mkwe wake. Hakuna aliyeniketisha akanifundisha, nilikulia humo. Tangu nimeolewa nilimsalimia babu yako nimepiga magoti mlangoni, macho chini. Chakula nilikiweka kwenye kigoda nikatoka. Akiwa anaoga nyuma ya nyumba, nilizungukia kwa njia ya shambani hata kama nina ndoo kichwani. Naye hivyohivyo, akitaka kupita nilipo alikohoa kwanza. Usione kama ilikuwa adha. Nilimpenda sana mzee yule, na upendo wetu ulikaa ndani ya heshima hiyo. Miaka yote hatukuwahi kukwaruzana.

Baba yako akatafuta msaada. Mjini Shinyanga palikuwa na kituo kinachopeleka wahudumu majumbani, akaomba mhudumu wa kiume kwa sababu hiyohiyo ya heshima, wakatutumia Elias. Kijana mpole, anatoka Tinde, anakuja na baiskeli kila asubuhi. Aliingia kwa mzee, akafunga mlango, nikasikia maji, nikasikia redio, akatoka na beseni. Mimi nilikuwa uani nachambua mboga.

Unaijua tabia yangu ya kuandika. Tangu nimemaliza sekondari, kila siku naweka tarehe na mistari michache kwenye shajara yangu. Juzi nilizisoma tena kurasa za miezi ile. Nimeandika, "Elias amekuja. Amemaliza. Ameondoka." Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Siku aliyochelewa nimeandika kachelewa, siku ya mvua nimeandika kaja kalowa. Nilikuwa na kumbukumbu safi za kuja na kuondoka kwake, na sikuwa na neno hata moja kuhusu hali ya babu yako chini ya shuka. Nilidhani nasimamia huduma. Nilikuwa nasimamia baiskeli.

Harufu ilianza kidogokidogo. Nikasema ni godoro. Nikamwambia Elias, "Godoro la mzee lipate jua," akasema sawa mama. Nikachoma udi. Kumwuliza mhudumu, "Mwili wa baba ukoje?" ulimi wangu haukuweza. Ningeanzia wapi?

Kisha akaja msimamizi kutoka kituoni. Alipiga simu siku iliyotangulia, kistaarabu kabisa, kwamba kesho anakuja kuangalia huduma inavyokwenda. Mwanangu, mgeni akisema anakuja, wewe unajua tunavyofanya. Nilifagia uwanja mpaka barabarani. Nilitoa shuka jipya sandukuni. Elias alimvika mzee shati jeupe na koti lake la harusi za watu, akamwegemeza kwenye mito. Nikachinja kuku, yule jogoo mwekundu uliyekuwa unamwita mwenyekiti.

Msimamizi akaingia kumwona mzee. Nilikuwa nje ya mlango, nikasikia yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Kijana anakuhudumia vizuri?"

"Ananihudumia."

Akatoka, akanawa, akala. Akaniuliza, "Mama, huduma mnaionaje?"

"Nzuri. Tunashukuru sana."

"Hakuna tatizo lolote? Sema tu, mimi nimekuja kwa ajili hiyo."

"Hakuna, baba. Ongeza ugali."

Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza alichotakiwa kuuliza. Lakini alimwuliza mtu pekee katika nyumba hii ambaye hakuruhusiwa kuona anachoulizwa, na mimi sikumwambia kwamba sioni. Nilijibu kama mwenye nyumba anavyomjibu mgeni. Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi nikiwa nimeridhika kwamba mji wetu haukuaibika.

Muda mfupi baadaye ukamaliza mtihani ukarudi.

Hii unaikumbuka, ila niache niiandike, maana mimi niliisikia kutoka upande wangu wa ukuta. Wewe na babu yako mlikuwa na utani wenu wa babu na mjukuu, na hapa ukoo mzima haukuwa na mtu aliyeweza kusema naye ulivyosema wewe. Uliingia bila hodi.

"Mke wangu amerudi," akasema. "Umeniletea nini?"

"Nimekuja kudai talaka. Nasikia siku hizi unaogeshwa na mwanaume."

Akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. "Wewe ulinikimbia ukaenda kusoma. Nifanyeje?"

"Ungenisubiri na uchafu wako."

"Basi huo uchafu upo. Funga mlango, uje uniangalie mgongoni. Kuna kitu kinanila."

Nikasikia kitanda kinalia. Kisha mlango ukafunguliwa. Ukatoka na uso ambao sijawahi kuuona kwako kabla wala baada ya hapo, ukaja mpaka jikoni.

"Mama, njoo uone."

"Nini?"

"Mgongo wa babu. Njoo."

"Milembe, unajua mimi siwezi kuingia akiwa hajavaa."

"Mama, mfupa unaonekana."

Nilisimama. Nilichukua sufuria ya maji ya moto, nikafika nayo mpaka mlangoni, na mlangoni nikakwama. Nakuapia sikupanga. Miguu ilijua tu kwamba mwisho wake ni pale. Nikakunyooshea sufuria nikiwa nimegeuza uso pembeni. Ukaipokea, ukaniuliza taratibu, "Kwa hiyo utasimama hapo?"

Nikasimama hapo.

Swali lile nimeishi nalo, mwanangu. Hukulisema kwa kiburi. Ulikuwa unataka kujua tu, kama una mtu wa kukusaidia au huna.

Jirani akatupa gari, tukampeleka hospitali. Daktari akasema kidonda kile kimetokana na kulalia upande mmoja muda mrefu bila kugeuzwa. Kimefika mfupani, na uchafu wake ukiingia kwenye damu, kwa umri ule, hatutarudi naye. Wakamsafisha, wakamwekea dawa, wakamlaza kwa majuma. Siku ya kuturuhusu muuguzi akanieleza kwamba kazi kubwa iko nyumbani. Kidonda kisafishwe kila siku, na mzee ageuzwe mara kwa mara, mchana na usiku, na wa kumgeuza wawe wawili, kwa sababu mtu mmoja atamburuta, na kumburuta ndiko kunakochuna ngozi. "Mama, ninyi mko wawili nyumbani?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Nilikuhesabu wewe. Na wewe ulikuwa unangoja kwenda kidato cha tano.

Baba yako alirudi kutoka machimboni akiwa amevimba kwa hasira, anataka kumpiga Elias. Nikamwambia mimi ndiye nitakwenda. Hapo ndipo ilipo sehemu niliyokuficha. Nilikwambia nakwenda mnadani Tinde.

Nilimkuta Elias kwao anaziba pancha. Akasimama, akasema shikamoo mama, sikuitikia. Nikaanza kumwaga yote niliyokuwa nimeyapanga njiani. Aliniacha nimalize.

"Mama," akasema, "unakumbuka nilikuwa nakuita?"

"Uliniita lini?"

"Siku ya kwanza nilitoka nikakwambia, mama njoo tumgeuze mzee, peke yangu simwezi, ni mzito. Ukaniambia, 'Elias, yule ni baba mkwe wangu. Fanya unavyoweza.' Kesho yake nikakuita tena. Baadaye nikaacha. Nikafanya nilivyoweza."

"Si ungewaambia kituoni."

"Niliwaambia. Wakasema ndugu wapo, watasaidia. Ndugu mwenyewe ndiye wewe, mama."

Nikamwuliza kama kidonda alikiona. Akainama. Akasema alikiona kikiwa kidogo kama kovu la ndui, akaogopa. Aliona akisema tutamfukuza, na mzee atabaki bila mtu kabisa. Kisha kikakua, na jinsi kilivyokua ndivyo alivyozidi kushindwa kusema.

Nilikuwa nimekwenda kumkaripia, nikaishia kukaa kwenye benchi lao nimeshika kikombe cha uji nilichopewa na mama yake. Kweli alikuwa ameniita. Maneno yale yalikuwa yangu, niliyatambua yalipotoka mdomoni mwake. Sikuwa nimeyakumbuka kwa sababu wakati nayasema hayakuwa na uzito wowote kwangu. Ilikuwa kama kusema jua limetoka.

Nilimpa lawama yake, maana anayo. Kuficha kidonda ni kosa hata kama unaogopa. Lakini kituo kilichotuma mtu mmoja kwa kazi ya wawili kina lawama yake, na mimi ninayo yangu, na tungeweza kuendelea kugawana lawama hivyo wakati mzee anaoza. Nikamwambia, "Nikipata wa kumgeuza naye, utarudi?" Akasema, "Nitarudi hata leo."

Nilirudi nyumbani bila kujua huyo wa kumgeuza naye nitampata wapi.

Kisha baba yako akarudi machimboni, na wewe ukaondoka kwenda shule ukilia, ukimwachia babu yako maagizo kama yeye ndiye mtoto. Na yeye, ulipoondoka tu, akamwita dada yake. Bibi Kwandu alifika asubuhi na fimbo yake. Babu yako akaagiza mbuzi achinjwe, wakaitwa pia wazee wawili watatu wa jirani, na mimi nikaitwa nikae mlangoni. Alizungumza taratibu kwa sababu ya ule ulimi wake, kila mtu akawa anainama kumsikiliza.

"Nimewaita mshuhudie. Huyu mwanamke amekuwa mkwe wangu, na ukwe wake sina dosari nao. Leo nauweka chini. Kuanzia leo huyu ni mayu, mama yangu. Mimi ni mtoto wake. Mtoto akijikojolea mama haoni haya."

Bibi Kwandu akashtuka. "Kaka, ukoo utasema nini?"

"Ukoo uje unigeuze."

"Usitanie."

"Sitanii. Waambie waje kila asubuhi, na usiku waje. Wakikosa kuja wasiseme kitu."

Mzee mmoja alicheka, wengine wakafuata, na Bibi Kwandu naye mwishowe akacheka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Wakala mbuzi. Sijui kama jambo lile lina jina au kama kuna mji mwingine limefanyika. Najua tu kwamba mzee yule, ambaye hakuwa na nguvu ya kunyanyua kikombe, alinyanyua kitu ambacho mimi na akili zangu zote nilishindwa hata kukigusa.

Kesho yake Elias akaja, safari hii na mkeka wa kulalia, maana usiku nao ulihitaji watu wawili. Nilifika mlangoni nikasita kidogo, kisha nikaingia. Nikaweka beseni la maji karibu na kitanda. Tukamgeuza, Elias mabegani, mimi kiunoni, kama muuguzi alivyonionyesha, na kwa mara ya kwanza nikauona mgongo wa mtu niliyekaa naye mji mmoja miaka yote ile. Sitakuelezea kidonda, ulikiona kabla yangu. Nilianza kuosha.

"Mayu," akasema, uso ukiwa ukutani, "maji ya moto hayo. Unataka kuninyonyoa?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Elias naye akageuka dirishani, anajifanya anatafuta redio.

Siku ile katika shajara niliandika, "Leo nimemwosha baba." Sikuandika Elias kaja saa ngapi.

Msimamizi alirudi baada ya miezi kadhaa. Alipiga simu tena kabla, nami nikachinja tena, kwa sababu mgeni ni mgeni. Lakini alipokaa nikamwambia, "Baba, chakula kipo, kiko motoni. Kwanza ingia ndani utusaidie kumgeuza mzee."

"Mimi mama? Mhudumu si yupo?"

"Yupo. Nataka uone."

Akavua koti. Akaingia, akashika alipoonyeshwa, tukamgeuza. Kidonda wakati huo kilikuwa kinajaa nyama nyekundu safi, lakini bado kilikuwa shimo. Alikitazama muda mrefu. Babu yako akamwambia kutoka huko ukutani, "Mara ile ulinikuta nimevaa koti."

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Ningekwambiaje, na kuku wangu alikuwa anakungoja?"

Nje, kabla hajagusa chakula, msimamizi aliniambia kwamba ametembelea wagonjwa wengi katika kazi yake na hajawahi kuuona mgongo wa hata mmoja. Alisema hivyo bila kujitetea, na mimi nikamheshimu. Toka siku ile kila alipokuja alianza na chumba, ndipo akaja kwenye kiti. Elias aliniambia baadaye kwamba kituo kilianza kuziuliza familia, kabla ya kumpeleka mtu, nani katika nyumba anaruhusiwa kumwona mgonjwa mwilini, na kama hayupo, hawapeleki mhudumu mmoja peke yake. Sijui kama waliendelea hivyo. Vitu vya namna hiyo huanza vizuri kisha vikachoka.

Sheria mtakazotumia ninyi kule Geita sizijui, mwanangu, na sitajifanya nazijua. Nadhani ni muhimu mhudumu asajiliwe, ajulikane amefundishwa na nani, na mwenye kituo awe na mahali pa kubanwa. Tungekuwa na hayo labda Elias angetumwa pamoja na mwenzake. Lakini yote hayo yangeweza kuwepo, na karatasi zake zikawa safi, na mimi bado ningesema "nzuri, tunashukuru." Hilo ndilo linalonisumbua. Ukifika bila taarifa watakuficha kwa aibu, ukifika kwa taarifa watakuficha kwa heshima. Sina dawa ya hilo. Mimi ningekwenda kwa taarifa, ningekula, lakini ningeona kwanza. Na mhudumu ningemwuliza pembeni ni kitu gani hakiwezi peke yake. Elias angejibu swali hilo siku ya kwanza.

Na huenda hata haya yangu hayatakufaa. Baba yako ananiambia kule kuna wachimbaji walioangukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wamevunjika migongo, wamelala kwenye vyumba vya kupanga, mmoja katoka Singida, mwingine Kigoma, hawana mkwe wa kuwaonea haya wala mjukuu wa kuwatania. Kule labda aibu si ukuta. Ukuta ni kwamba hakuna mtu kabisa, na mhudumu anaweza kuandika alikuja hali hakuja, na wa kumbishia hayupo. Utajifunza mwenyewe, na utakosea. Nakuomba tu usiogope kukosea mpaka ukaanza kujibu kama nilivyokuwa najibu mimi.

Babu yako alipona. Ilichukua karibu mwaka kidonda kufunga. Likizo zako uliona mwenyewe alivyokuwa anakaa nje kwenye kiti chake cha kamba, anahesabu ng'ombe wakirudi na kuwatukana wachungaji. Aliishi miaka mingine baada ya hapo, na miaka yote ile aliniita mayu mbele ya watu, mpaka wageni wakawa wanachanganyikiwa.

Alipofariki ulikuwa kwenye mitihani chuoni, ukafika tumeshazika. Kwa hiyo hukuona hili. Wanaume walipokwenda kumwosha, baba yako aliingia nao, na Elias pia aliomba aingie. Mimi nilirudi kuwa mwanamke wa jikoni, maana maiti ya mwanaume huoshwa na wanaume, na sikulalamika. Nilikuwa nachochea moto wa maji ya wageni. Baba yako akatoka, mikono bado imelowa, akapita katikati ya watu wote wale akaja mpaka jikoni. Unajua si mtu wa maneno. Tena unajua wakati wa ugonjwa alikuwa mbali, na mimi nilikuwa na kinyongo naye kwa hilo, na yeye alijua.

Akachuchumaa karibu na moto. Akasema, "Mama Milembe, nimemgeuza baba. Mgongo ni mzima. Hauna hata mkwaruzo."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Wabeja."

Unajua tunavyoitumia asante hiyo, kwa mtu aliyekupa shamba au aliyekuzikia. Alikuwa hajawahi kuniambia. Akasimama akarudi kwa wanaume.

Nilikaa pale jikoni nikajua kwamba shukrani ile si yangu yote. Mimi niliosha mgongo ambao mtu mwingine aliuona kwanza. Ungeweza kutania ukatoka. Ungeweza kuona ukanyamaza, ulikuwa msichana mdogo na kile si kitu cha msichana mdogo kukiona. Ulikuja mpaka jikoni ukanitajia mfupa, na mimi niliposhindwa kuingia ulichukua maji ukarudi peke yako. Ulimwosha siku ile bila kuniuliza tena.

Baba yako alichukua miaka kuniambia neno lile. Mimi nimechukua mingi zaidi, na nilitaka lisipande basi nawe kesho likiwa bado halijasemwa.

Wabeja, mwanangu.

Sasa natoka nikafungue hizo sufuria mlizozifunga vibaya.

Mama yako